Goti Langu na Goti la Mngoni

Mngoni amekufa, na hata hilo kaniwahi. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Mbeya, goti nimelipaka mafuta na kulianika kwenye jua la asubuhi kama mtu anayeanika kuni mbichi, simu ikalia. Alikuwa binti mkubwa wa Komba, anapiga kutoka Iringa, analia. "Babu mtani, baba ametutoka." Na mimi, badala ya kusema pole kama watu wenye akili, nikamwuliza, goti lilikuwaje? Mtoto wa watu! Kafiwa na baba yake, mzee mzima anamwuliza habari za goti. Lakini mimi na Komba ndivyo tulivyosalimiana maisha yetu yote. Habari za wake na watoto zilifuata baadaye, kwanza goti. Binti akavuta kamasi, akasema, "Wiki hizi za mwisho alikuwa anasema haliumi kabisa, babu." Unaona mambo hayo? La kwake limeacha kuuma, la kwangu liko palepale barazani linanung'unika. Nilikuwa na machozi machoni, na katikati ya machozi wivu ukanipanda kama maziwa kwenye sufuria. Kabla hajakata simu akaniambia, "Tunazika kesho kutwa. Baba aliagiza asifukiwe mpaka ufike."

Aliagiza hivyo kwa sababu mimi ni Mhehe na yeye Mngoni, na hao ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wajukuu wakabakiwa na matusi tu, tena ya kuchekesha. Mtani wako anaweza kuchukua kuku wako uani na wewe ukabaki unacheka. Anaweza kukwambia una kichwa kama chungu mbele ya wakwe zako. Na siku ya msiba, watu wakizidi kulia, mtani ndiye anayeingia kuharibu kilio, anamsema marehemu, anaigiza alivyokuwa anatembea, mpaka wafiwa wacheke bila kupenda. Ni kazi nzuri, ila ina ubaya mmoja ambao mimi niliulipia mwaka mzima: mtani wako akikwambia jambo la kweli, humwamini. Njia yote kutoka Mbeya mpaka Iringa nilikaa kwenye basi nimenyoosha mguu kwenye njia ya kupitia watu, kila anayepita anaruka na kunitazama vibaya, na mimi nipo mbali, nipo kwenye mwaka ule.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Mimi na Komba tulikuwa wapasua mbao wa Bwana Salum, mfanyabiashara wa mjini Iringa ambaye babu yake alitoka pwani. Alikuwa anakuja msituni kwetu huko Dabaga na kofia nyeupe, na kofia ilirudi mjini nyeupe vilevile, sijui alikuwa anafanyaje kwenye matope yale. Kupasua mbao kwa msumeno wa watu wawili ni kama ndoa. Gogo linapandishwa juu ya jukwaa la miti, chini yake kuna shimo. Mmoja anasimama juu ya gogo, huyo ndiye anayeufuata mstari uliopigwa kwa uzi wenye mkaa, na mbao ikipinda ni aibu yake. Mwingine yuko shimoni anavuta, na unga wote wa mbao unamwangukia usoni. Kabla ya mkato wa kwanza, wa juu anapiga kelele: "Macho!" Maana yake fumba macho, unga unakuja. Wa chini akiwa tayari anajibu: "Lete!" Bila "lete" hakuna kuanza. Mimi nilikuwa wa juu, Komba wa chini. Nilimwambia kila siku kwamba hivyo ndivyo vita vilivyoisha, Mhehe juu na Mngoni shimoni. Yeye alijibu huku anatema unga, "Havijaisha, Mhehe. Haya ni mapumziko ya kula."

Nilipenda kule juu, nisidanganye. Unaona msitu wote, unaona moshi wa kambi, upepo unakupiga kifuani, na mtu mwingine anakula unga. Nilikuwa na miaka kama ishirini, na nilidhani dunia imepangwa vizuri sana. Sasa siku moja tunapandisha gogo jukwaani, kamba ikateleza, gogo likarudi. Lilitubana wote wawili kwa mara moja, mimi mguu wa kulia, yeye wa kushoto, chini kidogo ya goti. Hata kwenye kuvunjika tulikuwa jozi. Bwana Salum alitupakia kwenye lori lake juu ya mbao zetu wenyewe, na njia nzima Komba alikuwa analia na kunilaumu kwamba mbao niliyolalia mimi imenyooka kuliko yake.

Hospitali ya mjini walitufunga plasta nyeupe, tukalala vitanda vya jirani, miguu imening'inia kama nyama buchani. Aliyekuwa anatuhudumia ni dresa mmoja mtu wa Tanga, mpole, Kiswahili chake kinateleza kama mlenda. Sisi Kiswahili tulikuwa tumejifunza ukubwani, kwa matajiri na kwenye kambi, kwa hiyo akisema mengi tulishika vichwa na mikia, katikati tunajazia wenyewe. Siku plasta ilipokatwa, miguu ikatoka myembamba, imepauka, ina magamba. Tukaambiwa tusimame. Goti langu likaniuma mpaka nikaona nyota mchana. Nikamwambia dresa, huu mguu haujapona. Akabonyeza bonyeza, akasema, "Mfupa umeunga vizuri kabisa. Umepona. Hayo maumivu yaliyobaki si ya kuvunjika tena. Goti limekaa muda mrefu, limekuwa gumu na lina woga. Nendeni nyumbani, mkauzoeze. Pole pole, kila siku, mkauzoeze." Komba akaitikia ndiyo bwana. Na mimi nikaitikia ndiyo bwana. Ndiyo zenyewe zilifanana kabisa.

Mimi nilisikia "mkauzoee". Mtu akikwambia uzoee, anakwambia nini? Vumilia. Ndio umeshakuwa wako, kaa nao. Kama mwanamke anavyoambiwa na shangazi zake kuhusu mume mkali. Nikaona ni ushauri wa kiume, nikaenda nao Kihesa kwa shangazi yangu, nikaufuata kama sala. Komba hakuwa na shangazi. Alirudi kambini Dabaga, Bwana Salum akampa kazi ya kunoa misumeno akiwa amekaa.

Nyumba ya shangazi ilikuwa ya vyumba viwili na jiko la nje la matete lililokandikwa udongo. Mahindi ya mbegu yalining'inia juu ya moto, yameshakuwa meusi kwa moshi. Mimi niliwekewa kigoda karibu na mafiga, mguu umenyooshwa juu ya kinu kilicholazwa, na pale ndipo nilipouzoea. Nilikaa kutwa. Chakula kililetwa, maji ya kunawa yaliletwa, hata pombe ya ulanzi ililetwa kwenye kibuyu. Nilikuwa siukunji mguu kabisa, maana ukiukunja unauma, na kama unauma ina maana bado sijauzoea. Shangazi alikuwa anauliza, "Mguu yako leo?" Najibu, "Nauzoea, shangazi." Anasema, "Vizuri, mwanangu, zoea tu." Ukaja msimu wa baridi, ule wa Iringa unaoingia mpaka kwenye meno, na goti likawa linatabiri ukungu kabla haujaonekana. Majirani walikuja kuniuliza kama watafua au wasifue. Likavimba kidogo jioni, asubuhi likawa gumu kama mlango uliolowa mvua. Paja likaisha. Ajabu ni kwamba kadiri nilivyouzoea, ndivyo na wenyewe ulivyonizoea, ukawa unaniuma hata nikiwaza kusimama.

Habari za kambini nilizipata kwa watu wa lori. Kwanza wakasema Komba anatembea na fimbo. Nikacheka. Kisha Komba anatembea bila fimbo. Nikachochea moto. Halafu siku moja dereva, anakunywa uji wa shangazi, akasema bila hata kunitazama, "Mngoni sasa anapasua. Yuko juu." Nikamwuliza juu ya nini? "Juu ya gogo, wapi kwingine? Chini wamempa Mnyakyusa mmoja, Ambakisye. Kijana anaimba huyo! Msumeno unakwenda wenyewe." Jamani. Nimewahi baadaye kuoa, na nimewahi kuona mwanamume akimchekea mke wangu kilabuni, lakini wivu kama wa siku ile sijaupata tena. Kama angesema Komba amekufa ningelia. Kama angesema amepata mali ningemwomba. Lakini yuko juu, kwenye gogo langu, upepo wangu unampiga kifuani, na shimoni kuna Mnyakyusa mwenye magoti mawili mazima anaimba! Gogo lilikuwa moja, mvunjiko mmoja, dresa mmoja. Kwa nini goti lake liwe limepona na la kwangu likae kwenye kinu? Nikaanza kuhesabia sababu. Amepata dawa. Bwana Salum amemnunulia mafuta ya kutoka pwani. Amekwenda kwa mganga na maumivu yake yamehamishiwa kwangu, ndiyo maana yangu yamezidi, nimebeba ya watu wawili.

Mavuno yalipokwisha alikuja Kihesa mwenyewe kunitazama. Nilimwona kwa mlango wa jiko anapanda kijia, mkononi ana chungu kidogo cha asali, na sikumtazama uso. Nilitazama goti. Lilikuwa linakunja na kukunjua, linakunja na kukunjua, kama la mtu aliyezaliwa nalo. Nilimtazama kama bi mkubwa anavyomtazama bi mdogo siku ya kwanza. Akainama mlangoni, akasema, "Kamwene, Mhehe! Bado umekaa? Au wamekuzika nusu?" Nikamwambia, "Karibu, mla panya. Umefuata mabaki?" Shangazi akafurahi sana, maana Komba alikuwa anajua kusifu mboga. Akachinja kuku. Na alipopakua, akafanya kitu ambacho nimekibeba miaka yote hii: firigisi akampa Komba. Firigisi ni ya mwanamume wa heshima. Ndani ya nyumba ile, juu ya kigoda kile, firigisi zote zilikuwa zangu. Yeye alikaa kwenye mkeka chini, akala, kisha akainuka bila kushika kitu. Bila kushika kitu! Nadhani hilo ndilo lililoniuma kuliko firigisi.

Nikashindwa, nikamwuliza. "Mngoni, niambie kweli. Unatumia dawa gani?"

"Dawa?" akasema. "Naupeleka mguu shule."

"Sifanyi utani."

"Hata mimi. Kila asubuhi naupeleka shule. Unalia, unasema hautaki, naupeleka hivyohivyo. Naukunja, naunyoosha, naupandisha gogo lililolala chini, naushusha. Ukilia sana naurudisha nyumbani. Kesho unakwenda tena."

"Na umefika darasa la ngapi?"

"La tano," akasema. "Umekupita wewe."

Nikamwinulia mchi wa kinu. Mngoni anamwambia Mhehe kwamba mguu wake unakwenda shule, nani ataamini? Nilijua ananificha dawa. Akaacha kucheka, akasema, "Sikiliza, Festo." Hakuwa ananiita Festo isipokuwa mambo mazito. "Bwana Salum amepata kazi kubwa ya mbao kule Mbeya, milima ya Poroto. Mvua za kwanza zikinyesha tunahama. Anataka kujua jozi yangu ni nani. Nimemwambia angoje, kuna Mhehe yuko Kihesa. Amesema atangoja mpaka lori liondoke. Likiondoka, ni Ambakisye moja kwa moja." Nikamwambia basi mchukue Ambakisye wako, mkaimbe. Nikageuza uso kwenye moto, nikasingizia moshi.

Alitoka nje kumsaidia shangazi kupukuchua mahindi. Ukuta wa jiko lile ulikuwa matete na udongo uliobanduka, na ukikaa kwenye kigoda unasikia kila kitu cha uani. Nikamsikia shangazi anasema, "Baba, wewe Mungu amekupenda. Goti yako imepona kabisa." Na Komba akajibu kwa sauti ambayo mimi alikuwa hajawahi kunipa, sauti isiyo na utani ndani yake. "Nani kasema limepona, mama? Linauma. Leo asubuhi nimeamka limekakamaa, nimelikanda kwa kitambaa cha maji ya moto ndipo likakubali. Kupanda hapa kwenu limeuma njia nzima."

"Sasa mbona unatembea?"

"Linauma nikitembea, na nikikaa linauma zaidi. Bora nitembee. Dresa si alituambia tuuzoeze?"

"Uzoee," shangazi akasema. "Festo ananiambia kila siku. Alisema mzoee."

Nikasikia punje za mahindi zinaanguka kwenye ungo, halafu hazianguki tena. "Tuzoee?" Komba akasema pole pole. "Mama, alisema tu-u-zo-e-ze. Tuufundishe. Kwani... mama, huyu mtu amekaa kwenye kigoda tangu plasta imetoka?"

"Amekaa. Anazoea."

Basi Komba alicheka, wasomaji wangu. Alicheka mpaka kuku wakakimbia, akaja mlangoni anajishika mbavu, hawezi kusema, ananyoosha kidole tu kwenye kinu. Baadaye alieneza mkoa mzima kwamba Mhehe alifukuzwa shule walipofika herufi ya w, ndiyo maana wivu anaujua vizuri, ila z hajawahi kuiona. Na mimi pale kwenye kigoda nilikuwa na aibu, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, kitu kinachonishangaza mpaka leo. Miezi ile yote nilikuwa namwonea wivu mtu mwenye goti lisilouma, na mtu huyo hayupo. Hayupo popote. Nilikuwa nimemwumba mwenyewe kwa moshi wa jiko. Kulikuwa na Komba tu, na goti linamuuma kama langu, amekula firigisi.

Mngeona vitendo vyangu vya asubuhi iliyofuata, mngesema kweli huyu hakufika z. Komba ameondoka, wivu umebaki. Nikasema, yeye anaupeleka shule, mimi wa kwangu naupeleka chuo. Nikakata fimbo, nikaondoka kwa miguu kwenda Kalenga, mwendo wa nusu siku. Kufika nilifika, kwa hasira tu, nikawasalimia watu kwa fahari, nikaambiwa nina rangi ya majivu. Kurudi nilirudishwa juu ya baiskeli ya mtu, nimelazwa kama gunia. Goti lilivimba likawa kama boga, nikalala kitandani siku nyingi nikiamini kwamba sasa mfupa umekatika upya. Shangazi akanipeleka tena kwa dresa.

Dresa alibonyeza bonyeza, akauliza nimefanya nini, nikamwambia. Kalenga, kwa mkupuo, kutoka kwenye kigoda. Hakucheka, Mungu ambariki, alikohoa tu kwa muda mrefu. Akasema mfupa ni mzima, sikuvunja kitu. "Ulikuwa na mbwa uani," akaniambia, "akaja mwizi usiku akampiga. Mwizi kaondoka zamani. Lakini mbwa sasa anabweka kila anayepita, hata mwenye nyumba. Maumivu yako ndiyo huyo mbwa. Anabweka kweli, huoti, lakini haina maana kwamba mwizi yupo. Sasa ukikaa ndani usipite uani, mbwa ataamini kuna hatari. Ukipita mbio na fimbo, kama ulivyofanya wewe, ataamini zaidi. Pita pole pole. Akinguruma, punguza mwendo. Akibweka sana, pumzika. Akinyamaza, kesho ongeza kidogo. Atakuzoea." Nikamwuliza, ni nani anamzoea nani sasa? Akasema, "Mkishazoezana, mtazoeana." Nilimwomba aseme tena, pole pole, kila herufi. Komba alipohadithiwa maneno ya dresa alisikitika sana. Alisema mtu wa Tanga hajui desturi za huku, huwezi kumweleza Mhehe habari za mbwa, anafikiria mboga tu.

Basi nikaanza shule upya. Asubuhi kitambaa cha maji ya moto kwenye goti, nikiwa bado kitandani nalikunja na kulinyoosha mpaka lilegee. Kisha uani, mpaka kwenye choo na kurudi, bila kushika ukuta. Kisha kisimani. Kisha nusu ya mlima wa kwenda sokoni mjini, napumzika kabla halijalia, si baada. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote, kupumzika wakati bado unaweza kwenda. Jua likiwaka naingia mto Ruaha mdogo mpaka kiunoni, natembea ndani ya maji kama kiboko mwenye mawazo, wanawake wanaofua wananiuliza nimepoteza nini. Kuna siku nilirudi nyuma bila sababu, nimelala vibaya tu au baridi imezidi, na nilitaka kukirudia kigoda changu. Shangazi alikuwa ameshakichukua. Alikuwa anakikalia mwenyewe, ananitazama, anasema, "Nenda, zoeza." Ile z aliisema kwa nguvu mpaka mate yakaruka.

Lori la Bwana Salum lilipokuja kuchukua watu wa Mbeya, mawingu yameshafunga, nilikuwa nimesimama barabarani na blanketi langu. Goti lilikuwa linauma. Nilipanda nalo. Bwana Salum alinitazama kutoka chini ya kofia nyeupe, akasema, "Mzee wa kigoda! Utaweza wewe?" Nikasema nitaweza, bwana. Siku mbili zile za safari, Ambakisye aliimba. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi. Alinipa nafasi yake karibu na dereva ili ninyooshe mguu. Nikamwonea wivu hata kwa wema.

Kule Poroto gogo la kwanza lilipokuwa tayari jukwaani, Komba aliweka mkono kwenye ngazi, akasema mbele ya watu wote, "Hapa juu pana mwenyewe. Mimi nilikuwa nampashia joto." Akashuka shimoni. Ambakisye akakaa pembeni, anangoja kuona kama ana kazi au hana. Nikapanda. Upepo ulikuwa uleule, harufu ya mti mbichi ileile, milima mingine. Nikashika msumeno, nikakunja magoti ili nisukume, na goti la kulia likatetemeka. Halikuuma sana, lilitetemeka tu, kama mtu anayejibu swali ambalo hana uhakika nalo. Mtu wa juu anarudi nyuma hatua kwa hatua juu ya gogo la mviringo lenye utelezi wa mvua. Akiyumba anaanguka juu ya msumeno, na msumeno unaangukia wa chini. Nikatazama shimoni. Komba alikuwa ameshafumba macho, uso umeelekea juu, anangoja nipige kelele. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, mjinga yule.

Nikashuka. Nikamwambia, "Toka humo, Mngoni. Panda."

"Una wazimu? Umefuata nini huku basi?"

"Nimefuata msumeno. Chini ardhi ni tambarare, goti litakubali. Panda kabla sijabadili mawazo."

Alinitazama, akatoka shimoni. Akapanda. Bwana Salum alikuwa na msumeno mwingine uliokosa mtu, Ambakisye akaenda huko, wimbo ukahamia upande wa pili wa msitu. Nikasimama shimoni, miguu imeshika udongo, nikatazama juu: nyayo za Komba, kaptura ya Komba, na nyuma yake kipande cha mbingu ambacho hapo zamani kilikuwa changu. Akapiga kelele, "Macho, Mhehe!" Nikafumba. Nikasema, "Lete!" Unga wa kwanza uliponiangukia usoni nilikuwa na wivu mpaka kwenye meno, na nilikuwa na furaha kuliko siku zote za mwaka ule.

Tulipasua hivyo miaka mingi, Mngoni juu, Mhehe chini, na hakuna kilabu cha pombe kati ya Mbeya na Iringa ambacho Komba hakukieleza habari hiyo. Goti halikuacha kuuma, la kwangu wala la kwake. Tulilikanda, tulilitembeza, siku za baridi tulilibembeleza. Lilikuwa kama jirani mgomvi: ukishajua saa zake, mnaishi. Dresa alikuwa sawa, na mimi nami kwa kukosea nilikuwa sawa nusu, maana yote mawili yalitakiwa. Lakini ukianza na kuzoea kabla ya kuzoeza, utaishia kwenye kigoda.

Nilifika Kihesa, Komba alikojenga uzeeni, siku ya mazishi watu wameshakaa, vilio vimeshika uani kote. Wakaniona, wakasogea, mtani amekuja. Nikapita katikati kuelekea kwenye jeneza, nimebeba fimbo, goti limekakamaa kwa basi, na watu wakaanza kucheka. Mama mmoja akasema, "Tazameni anavyomwigiza marehemu! Hasa mguu!" Nilikuwa sijaanza kuigiza. Nikagonga jeneza kwa fimbo, nikauliza mbao hizi amepasua nani, zimenyooka mno, huyu Mngoni hakuwa anajua mstari ulionyooka, hatalala vizuri humu. Binti yake akacheka huku analia, na nikaona kazi niliyoitiwa imefanyika. Makaburini waliposhusha jeneza, wakaning'ang'aniza niwe wa kwanza kutupa udongo. Kupiga goti sikutakiwa, wangenipa udongo mkononi, lakini nilipiga, la kulia, kwenye udongo mbichi. Likabweka. Nikalisikiliza kidogo, nikaendelea. Nikatazama shimoni, na ndipo nikaona jinsi tulivyokaa: yeye chini, mimi juu, upepo unanipiga kifuani, kama ilivyokuwa mwanzoni kule Dabaga. Miaka yote nilikuwa nataka nafasi ile nirudishiwe.

Nikachota udongo, nikapiga kelele, "Macho, Mngoni!"

Mkono ukabaki hewani. Vijana wakadhani nimeshindwa kuinuka, wakanishika kwapa. Nikawaambia waniache kwanza, wangoje, hajasema lete.